Barabara ya Morogoro siyo mahakama

 Najua wengi mko kwenye msuli, hakuna anayetaka kudisko, na wengine mnasubiri bumu kama mkulima anavyosubiri vuli. Naomba dakika kumi tu. Kuna jambo limenikaa kooni tangu Oktoba 29, 2025, na leo nalitema.

Kilichotokea siku ile wote mnakijua. Nchi ilikuwa inapiga kura ya Rais. Chadema hawakuwemo, walishaondolewa tangu Aprili kwa kutosaini kanuni za maadili, na mwenyekiti wao Tundu Lissu alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini. Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo naye jina lilishakatwa. Watu wakaingia barabarani: Kimara, Ubungo, Magomeni, Kinondoni, na miji mingine mikubwa. Mabomu ya machozi, risasi, vituo vya mwendokasi vikaharibiwa, intaneti ikazimwa, na jioni Dar es Salaam nzima ikaambiwa isitoke nje kuanzia saa 12. Watu walikufa. Serikali, vyama na mashirika ya haki za binadamu wamebishana sana juu ya idadi, lakini zipo familia ambazo hazihitaji takwimu ya mtu yeyote, zinajua kitanda kipi hakina mtu. Novemba 1 Tume ikatangaza kwamba Rais Samia Suluhu Hassan ameshinda kwa asilimia 97.66. Novemba 3 akaapishwa Dodoma.

Sasa basi. Tangu siku ile, kila nikikaa, iwe kwenye daladala, kafeteria au kijiweni kwa muuza kahawa, nasikia maelezo mawili tu. La kwanza, eti wale vijana ni wahuni, walifuata mkumbo. La pili, eti walitumwa, kuna watu wa nje wametoa hela. Basi, mjadala umekwisha, watu wanamalizia kahawa yao. Hakuna anayeuliza swali ambalo hata mtoto wa darasa la tatu angeuliza: hivi mtu aliyekasirishwa na uchaguzi, kwa nini aende barabarani badala ya kwenda mahakamani?

Jibu ni kwamba mahakamani pamefungwa. Na hajapafunga polisi wala mkuu wa wilaya, imepafunga Katiba yenyewe. Fungueni Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 41, ibara ndogo ya 7. Inasema kwamba Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza mtu kuwa amechaguliwa Rais, hakuna mahakama yoyote itakayokuwa na mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Yoyote! Ukimlalamikia diwani wako, unaweza kufungua kesi. Ukimlalamikia mbunge wako, unaweza kufungua kesi, na tumeona wabunge wakivuliwa ubunge na majaji. Ila mtu mmoja tu, yule mwenye madaraka kuliko wote, uchaguzi wake ndio hauguswi. Jamani, hii ni akili ya wapi? Mlango mdogo una kufuli, lina funguo, kuna na mlinzi. Mlango mkubwa umejengewa ukuta wa zege.

Ukishamjengea mtu ukuta wa zege pale mahakamani, usishangae ukimkuta Barabara ya Morogoro. Hiyo ndiyo hoja yangu leo, na nitaing'ang'ania mpaka mwisho.

Wengine mtasema, ah, hiyo ni ibara moja tu, mbona unaikuza? Haya, tuhesabu pamoja, wewe na mimi wakazi wa Kimara. Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam anateuliwa na nani? Rais. Mkuu wa Wilaya ya Ubungo, ambaye sheria ya mwaka 1997 inampa uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48? Rais. Mkurugenzi wa Manispaa ya Ubungo? Rais. Na wakurugenzi hao ndio waliokuwa wasimamizi wa uchaguzi miaka na miaka. Mei 2019 Mahakama Kuu ikasema jambo hilo ni kinyume cha Katiba, kwenye kesi ya Bob Chacha Wangwe, watu wakashangilia. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaipindua hukumu, shangwe ikaisha.

Tuendelee. Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi? Rais. Mkuu wa Jeshi la Polisi? Rais. Mkurugenzi wa Mashtaka? Rais. Jaji Mkuu? Rais. Hata hapa chuoni, Mkuu wa Chuo anateuliwa na Rais, ndiyo maana mwaka 2016 Magufuli alimteua mtangulizi wake Kikwete. Halafu ibara ya 37 inaongeza kwamba Rais halazimiki kufuata ushauri wa mtu yeyote, isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka kufanya hivyo. Wewe Kimara umemchagua nani basi? Mwenyekiti wa mtaa, diwani, mbunge na Rais. Wengine wote wanaokugusa kila siku ni majani ya mti mmoja.

Na msidhani madaraka haya yalishuka hivihivi kutoka enzi za mkoloni. Mengine yameongezwa juzi tu. Mwaka 2000, kwenye marekebisho ya 13 ya Katiba, mambo mawili yalipita. Kwanza, zamani mgombea urais alitakiwa apate zaidi ya nusu ya kura. Baada ya hapo ikatosha awazidi wenzake tu. Pili, Rais akapewa uwezo wa kuteua wabunge mpaka 10. Mwaka mmoja kabla, kamati ya Jaji Kisanga ilipotoa mapendekezo yaliyokwenda mbali kuliko ilivyotakiwa, Rais Mkapa aliwakaripia hadharani. Januari 2001 wafuasi wa CUF wakaandamana, wakidai uchaguzi wa Zanzibar urudiwe na katiba ibadilishwe. Unguja na Pemba zikanuka baruti, watu wakakimbilia Shimoni kule Kenya. Tume ya Serikali iliyoongozwa na Brigedia Hashim Mbita ilihesabu waliokufa 31. Hiyo ni Januari 2001. Halafu leo mtu anakuambia Oktoba 2025 ilikuwa ajabu isiyowahi kuonekana!

Mwaka 2020 likaongezwa jingine. Bunge lilipitisha sheria kwamba anayetaka kumshtaki Rais, Makamu wa Rais, Waziri Mkuu, Spika au Jaji Mkuu kwa kuvunja haki za msingi, amshtaki Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na mlalamikaji aonyeshe kwanza jinsi jambo lenyewe lilivyomuumiza yeye binafsi. Yaani ukiona Katiba inavunjwa lakini wewe hujavunjwa mguu, kaa kimya.

Kha! Na ukitoka nje ya nchi je? Wakili Jebra Kambole alikwenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, ile iliyoko Arusha, kupinga ibara ya 41(7). Julai 15, 2020 majaji wakampa haki: ibara ile inavunja Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Safi. Lakini Novemba 2019, miezi minane kabla ya hukumu, Serikali ilishaanza kujitoa kwenye tamko linaloruhusu raia kwenda wenyewe kwenye mahakama ile. Mahakama iko Arusha, sisi ndio wenyeji, mapazia na viti vyake tunavijua, ila raia wa kawaida hawezi tena kupiga hodi. Hebu niambieni, huyo kijana wa Kimara mlitaka aende wapi?

Najua kuna wapenzi wa "Rais mwenye nguvu" humu chuoni. Nawajua kwa majina, siwataji. Hoja yao ni kwamba nchi maskini inahitaji mtu mmoja mwenye kauli, mambo yaende haraka. Sawa, Kimara inajua vizuri kauli ya mtu mmoja inavyokwenda haraka. Mwaka 2017 nyumba zaidi ya 1,000 zilibomolewa kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, kupisha upanuzi wa barabara. Tuliambiwa sheria ni sheria, hifadhi ya barabara ni hifadhi ya barabara. Mwaka huohuo, Rais yuleyule akiwa Mwanza, alisema nyumba za watu kule zisibomolewe, akakumbusha kwamba wananchi wale walimpa kura. Mimi siwaonei wivu watu wa Mwanza, wakae salama na watoto wao. Ninachouliza ni hiki: sheria ilikuwa wapi siku ile? Ilikuwa mdomoni mwa mtu mmoja. Akiufungua hivi nyumba inasimama, akiufungua vile inalala chini. Barabara ya njia nane tunayo leo na ni nzuri, sikatai. Lakini nchi ambayo paa la bibi yako linategemea kama bibi yako alimfurahisha mkubwa, hiyo siyo nchi ya sheria, ni nchi ya bahati.

Mnataka mfano mwingine? Mikutano ya hadhara. Mwaka 2016 ilizuiwa kwa kauli ya Rais. Januari 3, 2023 ikafunguliwa kwa kauli ya Rais. Sheria ya vyama vya siasa haikuwahi kuizuia! Haki iliyokuwa yetu ilichukuliwa kwa mdomo, ikarudishwa kwa mdomo, na sisi tukapiga makofi mara zote mbili. Machi 17, 2021 Magufuli alifariki, Mungu amrehemu. Katiba ileile, chama kilekile, mawaziri wengi walewale. Lakini ndani ya mwaka mmoja chanjo ya korona iliyokuwa ikibezwa ikaruhusiwa, wasichana waliokatazwa kurudi shuleni baada ya kujifungua wakaruhusiwa. Mema hayo, nayapokea kwa mikono miwili. Ila jiulize: kama mema yote yanaweza kuja kwa sababu mtu mmoja ameondoka, mabaya nayo yatazuiliwa na nini siku akija mwingine?

Wazee wetu hapa Mlimani walishayaonja. Oktoba 22, 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza Ikulu, akakasirika, akawafukuza papo hapo wanafunzi wapatao 400, na kwa hasira hiyohiyo akatangaza kupunguza mshahara wake na wa vigogo wenzake. Wengi tunamsifu kwa mshahara na tunasahau waliofukuzwa. Lakini yote mawili yalitoka kwenye kinywa kimoja, siku moja, bila kikao cha Seneti ya chuo wala hakimu. Mtu akiwa na hekima ya Mwalimu, pengine unapona. Katiba haiwezi kutungwa kwa kutegemea kwamba kila Rais atakuwa Mwalimu, na hata Mwalimu mwenyewe mnaona alivyofanya.

Tulipata nafasi ya kulirekebisha hili, tukaichezea. Tume ya Jaji Joseph Warioba ilizunguka nchi nzima, ikaleta rasimu iliyokuwa inapunguza madaraka ya Rais: mawaziri wasizidi 15, wasiwe wabunge, na matokeo ya urais yaweze kupingwa Mahakama ya Juu. Bunge Maalumu la 2014 likaikatakata, UKAWA wakatoka nje, kura ya maoni ya Aprili 30, 2015 ikaahirishwa mpaka mambo yakaota kutu. Na Novemba 2, 2014, pale Ubungo Plaza, Warioba alipokuwa anaielezea rasimu kwenye mdahalo wa Taasisi ya Mwalimu Nyerere, vijana wakavamia, ikawa vurugu, mzee akatolewa kwa kulindwa. Ubungo Plaza, Barabara ya Morogoro ileile! Barabara hii imeona kila kitu. Novemba 2018 Magufuli akaja hapahapa chuoni, Nkrumah Hall, akasema hana mpango wa kutoa fedha kwa mchakato wa katiba, afadhali zijenge reli. Ukumbini watu wakapiga makofi. Wasomi!

Majirani zetu Kenya walipita njia hii. Julai 2005 Nairobi ilifukuta siku tatu za maandamano, manake rasimu ya Bomas iliyokuwa inampunguzia Rais madaraka ilichakachuliwa bungeni ili ayarudishiwe. Novemba 21, 2005 Wakenya wakaikataa rasimu hiyo kwenye kura ya maoni, chungwa likaishinda ndizi. Lakini ugonjwa ulibaki, na uchaguzi wa Desemba 2007 ulipovurugika, upinzani ukasema hauendi mahakamani kwa sababu hauziamini. Wakaenda barabarani. Wakafa watu zaidi ya 1,000. Baada ya hapo ndipo wakaandika katiba ya 2010, wakaunda Mahakama ya Juu. Septemba 1, 2017 majaji wakaufuta uchaguzi wa Rais aliyeko madarakani, na mwaka 2022 Raila alipopinga matokeo, akashindwa kesi, nchi ikaendelea. Sisemi Kenya ni peponi. Juni 2024 vijana wao walipigwa risasi wakipinga muswada wa fedha, kwa hiyo katiba peke yake haizuii bunduki. Lakini ugomvi wao wa kura za urais una mahali pa kwenda. Wetu hauna.

Sasa nije kwa waliochoma. Hapa sitamung'unya maneno, manake wengine mnafikiri ukiipinga Katiba hii basi unashangilia moto. Mwendokasi wa Kimara hadi Kivukoni ulianza 2016, na anayeupanda siyo waziri. Ni mama muuza mboga, ni fundi, ni mimi na wewe tunaochelewa lekcha. Kituo kikiungua, aliyekosewa na Tume hapati kura yake, ila mama wa mboga anakosa usafiri. Na aliyeporewa duka lake hakuwa mjumbe wa Tume ya Uchaguzi. Tena moto ule ndio uliowapa wakubwa maneno ya kusema, "mnaona, ni wahuni." Kumbe njia nyingine ilishaonekana. Januari 24, 2024 Chadema waliandamana Dar es Salaam, kundi moja likianzia Mbezi Luis na kuteremka barabara hiihii. Polisi waliruhusu, wakasindikiza. Hakuna kituo kilichoungua. Vijana ni walewale, mtaa ni uleule, jua ni lilelile! Tofauti ni kwamba siku ile waliachiwa mahali pa kusemea.

Na baada ya Oktoba 29 kilifuata nini? Novemba 2025 mamia walishtakiwa kwa uhaini, kosa ambalo adhabu yake ni kunyongwa. Novemba 14 Rais akilifungua Bunge akatoa pole, akawataka waendesha mashtaka wawasamehe waliofuata mkumbo, na wengi kweli wakaachiwa. Kisha akaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Nafurahi kwa kila mama aliyempata mwanawe. Lakini tazameni mnyororo ule. Aliyeteua Tume ya Uchaguzi ni Rais, aliyeteua mkuu wa polisi ni Rais, aliyeteua Mkurugenzi wa Mashtaka ni Rais, aliyeomba msamaha utolewe ni Rais, na aliyechagua wa kuchunguza yote hayo ni Rais. Wahenga walishasema juu ya kesi ya ngedere kumpelekea nyani. Hata wachunguzi wawe malaika, mlalamikaji atawaaminije?

Sisi wa chuo tufanye nini, basi? Siwaambii muingie barabarani, na atakayewaambia mchome kitu mkimbieni. Nawaambia tuidai ibara moja. Moja tu ya kuanzia. Katiba mpya nzima inahitaji miaka na mabilioni, sawa, tutaambiwa tena habari za reli. Lakini ibara ya 41(7) Bunge linaweza kuibadili kwa theluthi mbili ya wabunge, na chama tawala peke yake kinazidi theluthi mbili. Hakina wa kumsingizia. Wana-sheria mliopo humu, andikeni. Wana-siasa ya jamii, andaeni midahalo, Nkrumah Hall ipo, tena safari hii tusiende kupiga makofi tu. Ukikutana na mbunge wako likizo, usimuombe jezi za timu ya mtaa, muulize kwa nini uchaguzi wake yeye unaweza kupingwa na wa Rais hauwezi. Mwone atakavyotafuta maneno.

Na wewe unayesema siasa haikuhusu, umekuja kusoma tu, sikia. Siku ile intaneti ilipozimwa, ilizimwa na ya kwako. Amri ya kutotoka nje haikuuliza nani ana kadi ya chama gani.

Mshindi wa kweli haogopi jaji. Kama asilimia 97.66 ni za kweli, mahakama ingezithibitisha mchana kweupe na wapinzani wangebaki na aibu yao. Ukuta ule wa zege pale mahakamani haumlindi hata mshindi, unamwachia tu ushindi usioweza kuthibitishwa na mtu yeyote.

Ni hayo tu kwa leo. Mnaobisha bisheni, ila njooni na ibara, msije na matusi. Tuonane chuoni.